Likizo ya Ma-Robert

Katika usharika wowote uliolelewa na wamisionari, likizo ya mchungaji mgeni hukumbukwa kwa mizigo yake. Jumapili moja yeye na mkewe wanaagwa kanisani, kwaya inawaimbia, wanapewa kuku na ukili wa kwenda kuwaonyesha jamaa zao. Mwaka unapita. Kisha wanarudi, wamenenepa kidogo, na nyuma yao linafuata kasha la nguo, hadubini ya zahanati, na ahadi ya mabati ya shule. Waliobaki huku hudhani wenzao walikuwa wamepumzika.

Hawakupumzika. Mume alikuwa akipanda jukwaa baada ya jukwaa kuwasimulia watu kazi ya mbali wanayoilipia bila kuiona, na mke alikuwa akihamisha watoto kutoka chumba cha wageni cha shangazi huyu hadi cha binamu yule. Wafadhili walitaka hadithi, ndugu walitaka maelezo, kamati ilitaka hesabu. Nimechagua kufuata jozi mbili za wamisionari wa karne ya 19, mama na baba kwanza, kisha binti yao na mkwe. Likizo zao ziliandikwa sana katika barua na vitabu, na matokeo yake yalifika mpaka Zanzibar na Saadani. Zaidi ya hayo, naamini watu wamezisoma kwa upande wa mume tu. Bili ililipwa na mke.

Robert Moffat alikuwa mtunza bustani, Mskochi, aliyezaliwa Ormiston mwaka 1795. Akifanya kazi katika kitalu cha miche cha mzee James Smith huko Dukinfield, karibu na Manchester, alimpenda binti wa tajiri wake, Mary. Wazazi wa msichana wakagoma. Robert akaondoka peke yake mwaka 1816, ametumwa na London Missionary Society kusini mwa Afrika, na ilichukua miaka mitatu mpaka wazazi wakalegea. Mary akapanda meli, wakafunga ndoa Cape Town mwezi Desemba 1819. Walijenga maisha yao Kuruman, kando ya jangwa la Kalahari, kati ya Watswana. Mary hakuiona Uingereza tena kwa miaka 20.

Hata safari hiyo ya kwanza ya kurudi haikuanza kama likizo. Robert alikuwa amemaliza kutafsiri Agano Jipya kwa Kitswana, na mwaka 1838 akashuka nalo Cape Town akitafuta mahali pa kulichapa. Hakupata mchapaji wa kuiweza kazi hiyo. Njia iliyobaki ilikuwa London. Familia nzima ikapakiwa katika meli iliyokuwa ikirudisha wanajeshi kutoka China, na melini humo mlikuwa na surua. Wakiwa bado wametia nanga Table Bay, Mary alijifungua mtoto wa kike, Elizabeth, ambaye nyumbani walimwita Bessie. Kando yake alikuwa amelazwa Jamie, mwanawe wa miaka sita, surua imemkamata. Siku chache baadaye Jamie akafariki. Mama alikuwa na kichanga mkono huu na maiti mkono huu, katika chumba cha meli ambacho mtu mzima hawezi kunyoosha miguu, na bado kulikuwa na bahari ya wiki nyingi mbele yao. Walishuka Uingereza mwezi Juni 1839.

Huko nchi ilikuwa inamsubiri Robert kwa hamu ambayo hakuitarajia. Shirika lililomtuma lilianzishwa mwaka 1795, na sehemu kubwa ya mfuko wake ilitoka katika makanisa ya Kikongregesheni, kwa wenye maduka, mafundi na watumishi wa majumbani waliotoa senti zao kila wiki. Kulikuwa na visanduku vya misheni sebuleni, na kulikuwa na vikundi vya akina mama wa kushona. Watoto nao walikuwa na mchango wao. Mwaka 1844 pesa zao ndizo zilizonunua John Williams, meli ya misheni ya visiwa vya Pasifiki. Kila mwezi Mei wakubwa wa mashirika walikusanyika Exeter Hall, ukumbi wa London uliokuwa ukijaza maelfu. Mtambo wote huo uliendeshwa na habari za mbali. Gazeti la shirika lilisaidia, lakini hakuna kilichofungua mifuko kama mtu mwenyewe kusimama mbele ya watu, ngozi imeungua kwa jua, akasema niliona kwa macho yangu.

Na Moffat alikuwa na la kusema. Alikuwa na habari za Jager Afrikaner, mtemi wa mpakani ambaye serikali ya Cape ilikuwa imetangaza zawadi kwa atakayemkamata, naye akaongoka na kufuatana na Moffat mpaka mjini Cape Town mwaka 1819 kama rafiki. Alikuwa na habari za ukame, simba na vita. Kiingereza chenyewe kilikuwa kimemkaa vibaya mdomoni, kwa maana kwa miaka mingi alikuwa amewaza na kuhubiri kwa Kitswana, lakini wasikilizaji waliupenda hata huo ugumu wa ulimi. Wakamvuta mji hadi mji, Uingereza na Uskochi. George Baxter, bingwa wa picha za rangi za kuchapwa, akatoa picha yake na watu wakaitundika ukutani. Agano Jipya likachapwa London mwaka 1840. Mwaka 1842 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu za kusini mwa Afrika. Ile safari ya kwenda kuchapa kitabu ikawa imekula karibu miaka minne.

Mary alikuwa wapi katika miaka hiyo? Katika vitabu vya wakati huo inabidi umtafute kwa tochi. Afya ilikuwa mbovu, watoto walikuwa wengi, na mwaka 1840 akazaa tena. Baba yake mzee alikuwa bado hai Dukinfield, basi angalau alipata kukaa na mtu wa damu yake. Mumewe alikuwa mgeni wa kila mji isipokuwa ule aliokuwamo mkewe. Ndiyo kanuni ya likizo hizi, nayo haijabadilika sana. Muulize mke yeyote wa mchungaji anayeitwa kwenye makongamano.

Kati ya mikutano hiyo kulikuwa na jioni moja ambayo haikuwekwa kwenye ratiba. Katika nyumba ya wapangaji ya mtaa wa Aldersgate, London, aliishi kijana wa Kiskochi aliyekuwa akisomea udaktari, David Livingstone. Alitaka kwenda China, lakini Vita vya Kasumba vilikuwa vimeanza mwaka 1839 na shirika halikuwa tayari kumpeleka. Alimsikiliza Moffat, akamfuata kwa maswali. Mzee akamweleza habari za uwanda wa kaskazini ya Kuruman ambako alfajiri alikuwa ameona moshi wa vijiji vingi visivyofikiwa na mmisionari yeyote. Kijana akabadili nia. Akasafiri mwezi Desemba 1840, na Moffat, ambaye bado alikuwa na majukwaa ya kumaliza, akabaki nyuma.

Familia ya Moffat iliondoka Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1843 na haikukaribia Kuruman mpaka mwisho wa mwaka. Livingstone alipanda farasi akaenda kuwalaki huko mto Vaal, safari ya siku kadhaa. Heshima kwa mzee ilikuwepo, sina shaka, lakini ndani ya gari la ng'ombe alikuwemo pia binti mkubwa, Mary, wa miaka 22. Mwaka 1844 Livingstone akamposa Kuruman, na Januari 1845 wakaoana.

Huyu Mary wa pili ndiye hasa ninayemtaka.

Alizaliwa Griquatown mwaka 1821, kusini mwa Afrika. Kitswana alikuwa nacho tangu utotoni. Alijua kutengeneza sabuni na mishumaa, kuoka mkate katika tanuru la kichuguu, kuishi miezi katika gari la ng'ombe. Watswana walimwita Ma-Robert kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama sisi tunavyosema Mama Robert, na jina hilo lilimfungulia milango ambayo mumewe peke yake angebisha muda mrefu. Uingereza alikuwa amekaa miaka michache tu, kama mgeni, wakati wa zile pilikapilika za baba yake. Mumewe aliposema nyumbani alikuwa na picha ya mto Clyde kichwani. Yeye nyumbani kwake kulikuwa Kuruman.

Livingstone hakutulia kituoni. Mwaka 1850 alimchukua Mary, mjamzito, na watoto wadogo kuvuka Kalahari mpaka ziwa Ngami. Waliporudi Mary akajifungua binti aliyefariki akiwa na wiki sita, na yeye mwenyewe akapatwa na ganzi upande mmoja wa uso. Mwaka 1851 akabebwa tena, mjamzito tena, safari ya kaskazini zaidi hadi kwa Wakololo. Safari hii watoto walikaribia kufa kwa kiu jangwani. Mama yake alikuwa amekwisha kumwandikia mkwe barua kali mno, ya mwanamke anayejua anachokisema, akimuuliza ni akili gani ya kumkokota mkewe aliye katika hali hiyo porini pamoja na wanaume wa kuchunguza nchi. Livingstone alikwenda hata hivyo. Mtoto akazaliwa njiani, Septemba 1851.

Baada ya hapo Livingstone akaamua kuituma familia Uingereza ili yeye aendelee na safari zake. Tarehe 23 Aprili 1852, Cape Town, akawapandisha melini Mary na watoto wanne. Mkubwa alikuwa na miaka sita, mdogo hajatimiza mwaka. Aliahidi kuwafuata baada ya miaka miwili.

Kwa kumbukumbu za shirika, Mary alikuwa amekwenda kwao. Kwa yeye mwenyewe alikuwa amepelekwa ukweni, na ukwe huo hakuwahi kuuona. Wazazi wa David waliishi Hamilton, Uskochi, katika nyumba ndogo pamoja na mabinti wawili wasioolewa. Mzee Neil alikuwa mtu wa dini ya msimamo mkali, hagusi kileo, ana taratibu zake za sala na kimya. Fikiria sasa mkaza mwana anayeingia humo bila mume wa kumtetea, na watoto wanne waliozoea kukimbia uwanja mzima wa Afrika, baridi inaanza, na mawifi wanaangalia. Haikudumu. Baada ya miezi michache Mary alichukua watoto akaondoka, na mzee Neil akaiandikia ofisi ya shirika kwamba hawataki tena uhusiano na mkwe wao mpaka awe amebadilika, ingawa walikuwa tayari kuwatunza wajukuu. Barua ya namna hiyo haiandikwi kwa mwajiri wa mwanao bila ugomvi mkubwa kutangulia. Tunayo maneno ya mzee. Upande wa Mary wa ugomvi huo haukuwekwa katika jalada lolote ninalolifahamu.

Ikawa miaka ya kutangatanga. Vyumba vya kupanga Hackney. Manchester kwa jamaa wa mama yake. Kendal, kwa familia ya Wakweka waliomhurumia na kumhifadhi. Epsom. Mshahara wa mmisionari mwenye mke ulikuwa pauni 100 kwa mwaka, na katika shirika hakukuwa na fungu lililoandaliwa kwa mke anayeishi Uingereza huku mume akiwa haijulikani yuko wapi. Basi kila mara ilibidi aandike barua kwa Arthur Tidman, katibu wa mambo ya nje, kuomba. Kodi imefika. Mtoto ni mgonjwa. Anaomba nyongeza kidogo, au mshahara utangulizwe. Kuna wakati alitaka kurudi Afrika, ikashindikana. Wafadhili wale wale waliojaza Exeter Hall kwa ajili ya baba yake hawakumjua. Hakuwa na hadithi ya jukwaani. Alikuwa na njaa ya kawaida na watoto wenye kikohozi, jambo ambalo halichangishi.

Walioandika maisha ya Livingstone kwa vizazi viwili vya kwanza waliruka miaka hii kwa sentensi mbili tatu. Baadaye wakaja wengine na mzani tofauti, wakataja kwamba alianza kunywa na kwamba imani yake iliyumba. Makundi yote mawili yalikuwa yakipima mke kwa faida ya mume. Mimi naona mwanamke aliyefanya alichoambiwa, akafika mahali alipoambiwa ni nyumbani, akakuta hakuna mlango wake.

Wakati huo mumewe alikuwa akipata msaada aliouhitaji, na hapa napenda kusimama kidogo, maana orodha za wafadhili hulisahau jina hili. Sekeletu, mfalme wa Wakololo, kijana aliyetawala kutoka Linyanti, ndiye aliyegharimia safari za Livingstone. Alimpa watu 27 wa kwenda naye magharibi hadi Luanda, walikofika Mei 1854. Waliporudi, Sekeletu akatoa kundi jingine, zaidi ya watu 100, pamoja na ng'ombe, mitumbwi na pembe za ndovu za kuuza njiani, wakashuka naye mashariki kufuata Zambezi. Alikuwa na sababu zake: alitaka njia ya biashara na bahari. Hata hivyo ukiangalia hesabu, shirika la London lilitoa mshahara, na Afrika ikatoa msafara. Livingstone alifika Quelimane, pwani ya Msumbiji, Mei 1856. Wengi wa watu wa Sekeletu aliwaacha Tete na ahadi kwamba atarudi kuwachukua.

Mmoja alikwenda naye melini. Sekwebu alikuwa mkalimani, mtu wa lugha nyingi na busara, ambaye Livingstone mwenyewe alikiri kwamba bila yeye msafara ungepata taabu. Alitaka kuona nchi ya rafiki yake. Siku ya kupanda meli ya kivita Frolic bahari ilikuwa imechafuka, mawimbi yakiingia mashuani, na Sekwebu hakuwa amewahi kuona maji ya namna hiyo. Siku zikapita, akaizoea meli, mabaharia wakampenda. Walipofika Mauritius, meli ya moshi ikatoka bandarini kuwavuta, na jambo hilo likamvuruga akili. Alijirusha baharini, akajishusha kwa mnyororo wa nanga. Mwili haukupatikana. Kati ya watu wote wa upande ule waliochangia safari, huyu ndiye aliyekaribia kuhudhuria mkutano wa wafadhili.

Desemba 1856 Livingstone alifika Uingereza. Mary alikuwa akimngoja Southampton. Meli ya mumewe ilikuwa imeharibika njiani, akaja kwa nchi kavu kupitia Ufaransa, ikabidi akimbilie Southampton kumfuata mkewe. Walikuwa wametengana miaka minne na miezi saba. Mtoto mdogo hakumjua baba. Mzee Neil alikuwa amefariki mwezi Februari mwaka huo huo, mwanawe akiwa bado porini kwenye Zambezi.

Kabla wiki moja haijaisha, nchi ikawanyang'anya. Tarehe 15 Desemba Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpokea kwa hafla kubwa. Kesho yake ikawa zamu ya shirika la misheni, Freemasons' Hall, na mwenyekiti alikuwa Lord Shaftesbury. Huyu, nampa haki yake, alikumbuka kumsifu Mary mbele ya watu wote kwa ustahimilivu wake. Ukumbi ukapiga makofi. Mary alikuwa ameketi pale pale, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa shirika kumwona akiwa chochote zaidi ya saini chini ya barua za kuomba pesa.

Mwaka 1857 ndio uliokuwa karibu na likizo ya kweli, na hata huo ulikuwa wa kazi. Mchapishaji John Murray alitaka kitabu. Livingstone alisema heri kuvuka Afrika tena kuliko kuandika kingine, na namwamini, lakini aliketi akaandika, kwanza katikati ya London, kisha Hadley Green, pembeni mwa jiji, watoto wakicheza karibu ya meza. Alizoea kelele, alikuwa amesoma vitabu akiwa mtoto kwenye mashine za kiwanda cha pamba. Jioni alikwenda nao msituni. Ilikuwa miezi michache ambamo Robert, Agnes, Thomas na Oswell walikuwa na baba na mama chini ya paa moja. Kitabu kilitoka Novemba 1857, karibu kurasa 700, na nakala 12,000 za kwanza zilikuwa zimeagizwa kabla hazijafika madukani. Mji wa Glasgow ukachanga pauni 2,000. Watu walimzonga barabarani. Akaacha kuingia kanisani waziwazi, maana ibada iliishia kuwa fujo.

Uhusiano na wafadhili wa zamani nao ukafika mwisho wake. Akiwa Quelimane alikuwa amepokea barua ya wakurugenzi, ya adabu kamili, kwamba uwezo wa mfuko hauruhusu kazi zinazohusiana na Injili kwa mbali tu. Aliisoma kama kufukuzwa. Mwaka 1857 akajiuzulu, na serikali ikampa ubalozi mdogo wa Quelimane kwa pauni 500 kwa mwaka, mara tano ya mshahara wa misheni. Jambo la ajabu ni kwamba shirika liliendelea kuchangisha kwa jina lake, likapata maelfu ya pauni kwa ajili ya misheni mpya kwa Wakololo. Umaarufu wa mtu ulikuwa umeshakuwa mali ya watu.

Tarehe 4 Desemba 1857 alizungumza Cambridge mbele ya wanafunzi na wahadhiri, akawataka vijana waende Afrika. Kutokana na jioni hiyo kikazaliwa chama cha misheni cha vyuo vikuu, ambacho sisi huku tunakijua kwa herufi zake, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki bonde la Shire Januari 1862. Aliyemfuata akahamishia kazi Zanzibar mwaka 1864, akifuatana na Edward Steere. Sarufi za Steere, tafsiri zake za Biblia, kanisa kuu la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, Masasi, Magila: ukitafuta mzizi wa yote hayo utaufikia ukumbi wa Cambridge, na mtu aliyekuwa likizoni.

Machi 1858 waliondoka tena kwa meli Pearl. Mary alikwenda na mumewe, na safari hii walimchukua Oswell peke yake. Robert, Agnes na Thomas waliachwa Hamilton kwa bibi yao na mashangazi, katika nyumba ile ile. Meli haijafika hata Cape Town ikajulikana kwamba Mary ana mimba. Akashushwa. Wazazi wake walikuwepo mjini kumlaki, wakamchukua Kuruman, na huko Novemba 1858 akajifungua Anna Mary, ambaye baba yake hakumwona mpaka mwaka 1864. Boti ya chuma ya msafara wa Zambezi ilikuwa imeitwa Ma-Robert kwa heshima yake. Ilikuwa na injini mbovu, ikivuja na kula kuni kuliko ilivyokwenda, na mabaharia walikuwa wakiitukana kila siku kwa jina la mwanamke asiyekuwemo.

Mary alirudi Uskochi kwa watoto, akakaa, akashindwa kukaa, akamfuata mumewe. Walikutana mdomo wa Zambezi mwanzoni mwa 1862. Tarehe 27 Aprili alifariki kwa homa huko Shupanga, akazikwa chini ya mbuyu. Robert, mwanawe wa kwanza, yule aliyempa jina, alijiingiza kwa jina la uongo katika jeshi la Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akafia kifungoni North Carolina mwaka 1864.

Ile misheni ya Wakololo iliyochangiwa kwa jina la baba yake ilikuwa imekwisha kuanguka. Familia mbili, Helmore na Price, zilivuka jangwa mwaka 1859 zikafika Linyanti mwaka 1860. Ndani ya miezi homa ikaua bwana na bibi Helmore na watoto wao wawili, kisha mtoto wa Price, kisha mkewe Price. Roger Price akarudi Kuruman na watoto wa Helmore waliosalia. Mwaka 1861 akaoa tena. Alimwoa Bessie Moffat, yule aliyezaliwa melini Table Bay mwaka 1839, mdogo wake Ma-Robert.

Baada ya miaka mingi ya kazi kati ya Watswana, na watoto wengi, Roger na Bessie nao wakapewa likizo ya Uingereza. Likizo ilikuwa bado mbichi wakati shirika, ambalo sasa lilitaka kufuata nyayo za Livingstone mpaka ziwa Tanganyika, lilipokumbuka kwamba lina likizoni mtu anayejua magari ya ng'ombe. Mwaka 1876 Price akatumwa Zanzibar. Akavuka Saadani na ng'ombe wachache, akafika Mpwapwa ng'ombe wakiwa hai, akarudi London kuwaambia wakurugenzi kwamba njia ya magari inawezekana. Mwaka 1877 akarudi na magari yenyewe. Ndorobo wakawamaliza ng'ombe, magari yakakwama njiani, na Price akarudishwa London kueleza kamati kwa nini. Bessie alikuwa Uingereza na watoto, akingoja kuambiwa ni lini wataruhusiwa kurudi kwao, Bechuanaland.